Jibu: Punda wa jirani ana kidonda, mwenyewe hajali

Waalaikum salaam dada. Kwa hiyo punda kafungwa juani hapo Jambiani, Unguja, bega limechubuka, na mwenyewe anakujibu "punda wangu, wewe yakuhusu nini?" Usimfungue usiku kama unavyofikiria. Utaitwa mwizi, na punda atarudi palepale.

Anza na maji, leo. Mfinye ngozi ya shingo uiachie: ikikawia kurudi, kakaukiwa. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi. Oili chafu ya gari asipakwe, hata wazee wakisisitiza. Kisha tazama kamba. Vidonda vya begani nilivyoviona mimi, vingi ni nailoni inayokata kila anapovuta mchanga. Izungushieni kanga kuukuu, na gari asivute mpaka ngozi ifunge. Kikitoa usaha au funza, muite daktari wa mifugo.

Mwenyewe usimhubirie huruma. Mwambie hasara: punda akifa, mchanga utabebwa na nani? Wakaidi huwa nawaendea na mzee wanayemheshimu kabla ya sheha (kiongozi wa serikali wa eneo), maana sheha akitangulia mtu hununa. Akizidi, basi sheha. Picha ya bega ukiipata, iweke hapa.