Mafuriko Yakikuzuia Kufika Kazini, Mshahara Ukatwe?

Masika ya 2024, Nairobi ilipofurika, wengi wetu tuliokuwa viwandani Industrial Area tulikuta mstari mpya kwenye hati ya mshahara: "kutofika kazini". Msimamizi wetu hakutaka kusikia habari za mvua. Kwake, asiyeonekana langoni ni mtoro.

Sheria ya Ajira ya 2007 haiko hivyo. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata ujira wa siku moja, usizidi hapo, kwa kila siku nzima ambayo mtu hakufika bila ruhusa wala sababu halali. Siku nzima, jamani! Ukiingia saa tano kwa sababu matatu zilikwama barabara ya Mombasa, umechelewa tu. Kukukata siku yote ni kukuonea.

Vita viko kwenye hiyo "sababu halali". Sheria haitaji mafuriko kwa jina, na mwajiri mkorofi atakuambia mshahara ni wa kazi iliyofanywa. Kwa hiyo weka ushahidi asubuhi ileile. Mimi nilipiga picha pale stejini, maji yamemeza magurudumu ya matatu, nikamtumia msimamizi kwa WhatsApp kabla zamu haijaanza: nimezuiwa na maji, njia ikifunguka naja. Ujumbe huo ndio ulionirudishia pesa. Mwenzangu aliyepiga simu aliambiwa hakuna anayekumbuka simu yake.

Wengine huambiwa siku hiyo itolewe kwenye likizo ya mwaka, zile siku 21 zenye malipo. Siku moja mimi ningekubali, tena kwa maandishi. Wiki nzima, hapana.

Kibarua anayelipwa kila jioni ndiye anayeumia zaidi, maana asipofika hana anachodai. Ila akishafanya siku za mfululizo zinazofikia mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama bado anaitwa kibarua.

Wakitaka kukufuta kwa utoro, kifungu cha 41 kinawalazimu kukusikiliza kwanza, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wakikataa, nenda ofisi ya leba na hati ya mshahara pamoja na ujumbe wako. Uchapishe, simu huibwa.