Anza na inayonyauka kwanza

Jamani joto la Dar mwezi huu wa kwanza sio la kawaida, mchicha ukinunua saa mbili asubuhi ukauacha kwenye mfuko ndani ya gari au juu ya kabati la jikoni, saa nane mchana ushalala. Mi nakaa Tabata, nanunua Buguruni, na kwa miaka kama mitatu nlikuwa naenda kila jumamosi nabeba mboga za wiki nzima, mchicha, tembele, bamia, nyanya sado moja, vyote naingiza kwenye friji halafu jumatano naanza kutupa. Iliniuma sana, hela yenyewe ya kuungaunga halafu inaishia kwenye dustbini.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja ninayenunua kwake. Siku hiyo nikamwambia shikamoo mama, naomba mafungu matano ya mchicha. Akaniuliza, marahaba mwanangu, una wageni? Nikamwambia hapana, ni ya wiki. Akarudisha mafungu matatu mezani kwake, akaniambia chukua mawili upike leo leo, bamia na nyanya chungu utapika jumatatu na jumanne, hilo boga litakusubiri mpaka ijumaa. Mtu anayetafuta riziki anakataa hela yako ili usitupe mboga! Toka siku hiyo siendi sokoni na menyu kichwani, naenda naangalia nini kimeingia asubuhi hiyo alafu napanga wiki kwa kufuata kipi kinanyauka kwanza.

Kwahiyo kwangu siku ya kwanza ni majani laini, mchicha, figiri, msusa (majani ya maboga). Tembele linavumilia kidogo hasa ukisimamisha vikonyo kwenye bakuli la maji kama maua. Bamia, biringanya na nyanya chungu siku mbili tatu. Kabichi na karoti za Lushoto, viazi na boga ndo za mwisho wa wiki. Na usioshe mboga ndo uweke kwenye friji, unyevu ndo unaozesha, we funga na karatasi au kitambaa kikavu utaosha siku ya kupika. Nyanya zisizoiva vizuri ziache nje kabisa, friji inaua ladha yake.

Kwenye kupika sasa, hapa ndo wengi tunaharibu. Mchicha unaoshwa kwanza ndo unakatwa, ukikata halafu ukaosha vitamini nyingine inaondoka na maji. Na usiuwekee maji, una maji yake ya kutosha. Kaanga kitunguu, nyanya, tia mchicha, geuza dakika tatu nne hivi, mwagia tui zito au karanga zilizosagwa, likichemka kidogo tu epua. Hilo tui sio la utamu peke yake, vitamini A ya kwenye majani mwili unaichukua vizuri ikiwa na mafuta. Ukifika mezani kamulia ndimu, inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, hasa kwa watoto na mama wajawazito.

Ila kisamvu ni tofauti kabisa, naomba msikichukulie kama mchicha. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu, lazima yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu, mi nachemsha zaidi ya saa nzima ndo natia nazi. Hata ukinunua kilichotwangwa tayari bado kichemshe sana.

Bamia watu wanalalamika utelezi, dawa yake ni kuosha zikiwa nzima, zikaushe na kitambaa, ndo ukate kwa kisu kikavu na ukaange moto mkali bila kufunika. Mimi mwezi huu nakatia na embe bichi kwasababu maembe yamejaa kila kona, na ule uchachu unakata utelezi na unapunguza nyanya, maana nyanya bei yake haitabiriki, zikishuka kutoka Ilula unanunua sado mbili, zikiadimika unahesabu moja moja. Zikiwa rahisi nachemsha nyingi mpaka zinakuwa nzito, nagawa kwenye vifuko vidogo naweka friza.

Kitu kingine, uliza mboga imelimwa wapi. Usione aibu. Kuna zinazomwagiliwa maji ya Msimbazi na tunajua mto ule unapokea maji taka ya mitaani na viwandani, na kinachoingia ndani ya mmea hakitoki kwa kuosha hata uloweke na chumvi. Siwalaumu wakulima, nao wanatafuta maisha, ila mimi nikiambiwa za kutoka bondeni huko naacha, nachukua tembele la dada mmoja mtaani kwetu anayemwagilia maji ya bomba. Na vile vikonyo vilivyobaki nimechomeka kwenye ndoo mbovu hapo barazani, vimeshika, naanza kuchuma.

Wiki hii jumamosi nilipika msusa wa karanga, nimekaa na wanangu tumemenya nyuzi pamoja, juzi tembele, leo bamia na embe. Boga bado liko chini ya meza, zima kabisa, ijumaa nalipika la nazi na iliki.