Malengelenge kwenye boti: usikimbilie fila ya magari

SWALI: Fundi, hujambo? Nina boti ya faibaglasi ya futi 16 ambayo hukaa majini Ziwa Naivasha mwaka mzima. Nimeivuta hadi nyumbani Lang'ata na kukuta malengelenge tumbo zima. Fundi wa bodi za magari anasema atapiga msasa, aweke fila na rangi, siku mbili basi. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe bado, ndugu yangu. Kwanza vaa miwani ya kazi, upasue lengelenge moja kwa patasi. Majimaji yakifyatuka, yananata na yananuka siki, hiyo ni osmosisi. Kama ni rangi tu inayobanduka na jelikoti (lile tabaka gumu la nje la faibaglasi) chini yake ni nzima, umepona.

Wengi huogopa bahari, lakini kwa ugonjwa huu maji yasiyo na chumvi kama ya Naivasha ndiyo mabaya zaidi. Yanapenya jelikoti polepole, yanayeyusha masalia ya kemikali za rezini (ile gundi inayoshikanisha faibaglasi), na mchanganyiko huo mzito unazidi kuvuta maji hadi jelikoti inavimba. Fila ya magari nayo hunyonya maji. Ukiipaka sasa, umefungia ugonjwa ndani.

Fungua kila lengelenge kwa grainda hadi ufikie faibaglasi ngumu. Kwa kuwa yako yameenea, afadhali utoe jelikoti yote ya chini. Osha kwa maji moto na brashi, iache ikauke, uoshe tena, na tena. Jua peke yake halitoshi: kemikali zile haziondoki na hewa, hubaki zikivuta unyevu. Kisha bandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe, kingo zote zizibwe. Kesho yake ukiona matone ndani, bado. Hesabu wiki, pengine miezi. Julai ya Nairobi, kwa baridi na manyunyu yake, utasubiri sana. Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi hii.

Ikikauka, jaza mashimo kwa epoksi (rezini inayoganda ikichanganywa na hadena yake) iliyokorezwa na unga wake, halafu paka matabaka ya epoksi isiyo na thina hadi unene wa nusu milimita hivi. Pima hadena kwa mizani. Kukadiria kwa macho kumeharibu boti nyingi. Utelezi unaobaki juu uoshwe kwa maji kabla ya msasa.

Baadaye ilaze kwenye trela usipoitumia, na maji ya mvua yasituame ndani: upande huo kwa kawaida hauna hata jelikoti.