Ng'ombe anashiba nepia lakini maziwa yameshuka

Dada, umeuliza kwa nini ng'ombe wako anashiba nepia (majani marefu ya malisho) kila siku na bado maziwa yanashuka. Nepia inajaza tumbo, ila protini yake ni haba. Kwa kuwa chakula cha dukani kimekushinda bei, panda kaliandra, mti wa malisho, mipakani na kwenye kingo za matuta. Huko Embu, Kenya, kilo 3 za majani yake mabichi zilionekana kufanya kazi ya kilo 1 ya chakula hicho. Miti 500 hivi hutosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Mpe yakiwa mabichi, maana yakikauka huenda yasisagike vizuri tumboni. Anza kidogo kidogo hadi kilo 6 kwa siku. Lusina, mti mwingine wa malisho, pia ni nzuri, lakini isizidi theluthi ya malisho: ina mimosini, ambayo ni sumu. Na tafadhali, maji yasikosekane hata usiku.