Barakoa ya ndimu na magadi imenizidishia madoa: nitumie nini kung'arisha uso?

SWALI: Daktari, nina miaka 27, nauza nguo sokoni Mbale, Uganda, na nashinda juani. Uso wangu umepoteza nuru, mashavu yana mabaka ya kahawia, paji la uso lina vipele vidogo. Fundi wa saluni alinifundisha kuchanganya ndimu, sukari na magadi, nisugue usoni mara tatu kwa wiki. Mwanzoni niling'aa kweli. Sasa mashavu yamezidi kuwa meusi, na hata maji matupu yakigusa uso unawaka. Mwenzangu ananiuzia chupa ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 30, anasema hiyo ndiyo kiboko ya madoa. Niinunue? Na kama siyo, barakoa gani inaifaa ngozi nyeusi, na kwa kipimo gani?

JIBU: Usiinunue, dada yangu, na hiyo ya ndimu iache leo. Uso unaowaka kwa maji matupu tayari umeumia. Ukiuwekea asidi ya asilimia 30 juani Mbale, utapata madoa ambayo tutahangaika nayo mwaka mzima.

Kwanza tuone kwa nini uling'aa halafu ukaharibika. Seli za ngozi huzaliwa chini, zikapanda taratibu, na kwa kijana huchukua takriban siku 28 kufika juu na kubanduka. Umri ukienda, safari hiyo huwa ndefu zaidi. Zikifika juu zimeshakufa na kukauka, zimepangana katika tabaka jembamba kuliko karatasi ya daftari. Tabaka hilo likiwa na mabanzi yasiyobanduka vizuri, mwanga hutawanyika na uso unaonekana umefubaa. Ukiyaondoa, mwanga unarudi sawasawa, na ndiyo nuru uliyoiona. Lakini tabaka hilo hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Ukilisugua mara tatu kwa wiki, linaondolewa kabla halijajengwa upya.

Hapo ndipo madoa yanapoanza. Idadi ya seli zinazotengeneza rangi, yaani melanini, ni karibu sawa kwa binadamu wote. Tofauti iko kwenye bidii yao, na kwetu sisi weusi ni seli zenye bidii sana. Ngozi ikichomwa, ikikwaruzwa au ikipata chunusi, zenyewe hujibu kwa kumwaga rangi. Kwa hiyo mgonjwa anakuja kliniki akilalamikia doa, na mimi natafuta jeraha lililolileta. Wanaojisugua huwa na mchoro wao: weusi mwingi kwenye mfupa wa shavu, mahali vidole vinapokandamiza zaidi, na kope zikiwa safi kabisa kwa sababu hakuna anayethubutu kusugua huko. Jiangalie kwenye kioo mchana, karibu na dirisha. Ukiuona mchoro huo, umeshajua chanzo.

Na huo mchanganyiko wenyewe ni wa kuhuzunisha, kwa sababu kila kitu ndani yake kinaharibu kwa njia yake. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi). Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2. Tena ndani ya ndimu mna kemikali ambazo zikipigwa na jua zikiwa bado kwenye ngozi huiunguza, hata malengelenge yakatokea, na alama yake hukaa wiki nyingi. Magadi yanaivuta ngozi upande wa pili, pH ya 8 na zaidi, na ngozi iliyopoteza uchachu wake hushindwa kujikarabati. Wengine husema ndimu na magadi vikikutana vinapoozana. Vinapoozana kwa kiasi tu, maana hakuna anayepima, na povu unaloliona ni gesi inayotoka, si uchafu. Sukari nayo ni fuwele zenye kingo. Niliwahi kuiweka punje ya sukari ya kawaida chini ya lenzi ninayokagulia madoa: ina pembe kali kila upande. Kwa mguu wenye magaga haina neno, kwa shavu hapana.

Sasa hiyo asilimia 30. Nguvu ya asidi haikai kwenye asilimia peke yake, inategemea na pH ya kilichomo ndani ya chupa. Asidi ya glaikoliki ikiwa kwenye pH ya karibu 3.8, nusu yake ndiyo iko huru kufanya kazi, nusu nyingine imefungwa. Kwa hiyo barakoa ya asilimia 10 kwenye pH hiyo inafanya kazi kama asilimia 5 hivi. Chupa ya asilimia 30 kwa kawaida huwa na pH ya chini zaidi, kwa hiyo karibu yote iko huru. Hiyo ni dawa ya kliniki: mtaalamu huipaka akiangalia ngozi dakika kwa dakika, kisha huizima kwa dawa maalumu. Kwa matumizi ya nyumbani, wataalamu waliopitia usalama wa asidi hizi Marekani waliweka mpaka usiozidi asilimia 10, na pH isiyopungua 3.5. Lebo isiyotaja hata asilimia, iache dukani.

Kabla hujagusa barakoa yoyote, pumzisha uso wiki tatu hadi nne. Osha kwa sabuni laini isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, kwa viganja bila kitambaa. Ukiwa bado na unyevu, paka losheni yenye gliserini au mafuta ya mgando. Ukiwa na ndugu huko Lira au Gulu akuletee moyao, yaani mafuta ya shea, ni mafuta mazuri mno. Yale ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na yanayeyuka kiganjani. Yapake mashavuni lakini usipandishe kwenye paji la uso.

Hivyo vipele vya kwenye paji la uso nina mashaka navyo. Unasuka? Mafuta ya nywele na krimu za kulaza nywele hushuka na jasho, zikaziba vitundu kando ya nywele. Jaribu kuziweka mbali na paji kwa mwezi mmoja na ufue kitambaa unachofungia kichwa. Lakini vikiwa vinawasha, vyote vya ukubwa mmoja, inaweza kuwa fangasi, na barakoa haitavigusa.

Siku uso utakapooshwa kwa maji usiwake, ndipo uanze. Kwa mashavu yako ningechagua barakoa yenye asidi ya laktiki ya asilimia 5 hadi 10, au ya mandeliki ya kipimo hicho hicho. Molekuli zake ni kubwa kuliko za glaikoliki, zinaingia polepole, na ngozi nyeusi inazivumilia vizuri zaidi. Hazisugui. Zinalegeza gundi inayoshika seli mfu ili zibanduke zenyewe. Paji la uso lina hitaji lingine: udongo mweupe wenye asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2, kwa sababu hiyo inayeyuka kwenye mafuta na kuingia ndani ya kitundu kilichoziba. Si dhambi kuweka barakoa mbili tofauti kwenye uso mmoja. Ule udongo usiungoje ukauke mpaka upasuke, utoe ungali na unyevu kidogo. Zile barakoa nyeusi za kubandua kama plasta, achana nazo kabisa.

Jaribu kwanza chini ya taya, sehemu ya ukubwa wa sarafu, ungoje saa 48. Kukiwa shwari, paka usoni jioni, ngozi ikiwa kavu, ukishapaka mafuta ya mgando kwenye kona za pua, midomo na macho. Mara ya kwanza dakika tano. Mchomo mdogo unaopungua ni wa kawaida, lakini ukizidi kadiri dakika zinavyokwenda, osha hapo hapo kwa maji mengi. Rudia mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima, kisha waweza kufika dakika kumi. Mara mbili kwa wiki ndiyo mwisho, na wengi hawahitaji kufika huko. Usiku huo usipake dawa nyingine ya chunusi, wala usinyoe nyusi.

Siku zilizobaki, kitu kinachoshughulikia rangi yenyewe ni niasinamaidi ya asilimia 4 au 5, kila siku. Inazuia melanini isihame kutoka seli inayoitengeneza kwenda seli za juu. Haibandui chochote, ndiyo maana naipenda kwa ngozi iliyokwisha kuteswa. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu.

Ukitaka cha jikoni, chukua mtindi mtupu usio na sukari wala ladha, vijiko viwili vya mezani, asali kijiko cha chai, na unga laini wa oti uliosagwa mpaka usihisi chenga. Paka dakika kumi, osha bila kusugua, na kilichobaki mwaga kwa sababu hakina kihifadhi. Mtindi una asidi ya laktiki ya asilimia 1 hivi, kwa hiyo utalainisha na kutoa nuru kidogo, hautafuta madoa. Manjano hupaka rangi juu juu tu. Paipai bichi usilipake: utomvu wake una kimeng'enya kinachokula protini, na hakuna namna ya kukipima nyumbani.

Jua ndilo ninalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko barakoa yoyote. Tuko kwenye ikweta, jua letu ni kali mwaka mzima, na asidi hizi huifanya ngozi iungue kwa urahisi hadi wiki moja baada ya kuziacha. Bila kinga, barakoa ya Jumapili itaharibiwa na soko la Jumatatu. Tafuta krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ikiwa na rangi inayofanana na ngozi yako ni bora zaidi: hiyo rangi ni oksidi ya chuma, na inazuia ule mwanga unaoonekana ambao kwenye ngozi nyeusi huamsha melanini hata miale mingine ikizuiwa. Kama bei inakushinda, kofia pana na mwavuli kwenye meza ya biashara vinafanya kazi kubwa, navyo unavinunua mara moja.

Kuna mabaka ambayo hakuna barakoa itakayoyaondoa. Yakiwa pande zote mbili kwa ulinganifu, mashavuni na juu ya mdomo, hasa ukiwa umebeba mimba karibuni au unatumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, huenda ni ugonjwa wa melasma, nao una dawa zake. Yakiwa na rangi ya kijivu au bluu, melanini imeshuka chini, mahali asidi ya nyumbani haifiki.

Ukishindwa kusubiri, wauzaji watakujia na krimu za kung'arisha walizochanganya wenyewe kwenye kopo. Naomba uzikatae. Ndani yake mara nyingi mna steroidi kali inayochakaza ngozi, haidrokwinoni ambayo ikitumika miaka inaacha weusi wa samawati usiofutika, au zebaki inayoharibu figo. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa. Ukiona kwenye lebo neno mercury au calomel, usiguse. Na kama tayari umekuwa ukipaka krimu ya namna hiyo kwa miezi, usiiache kwa mkupuo bila daktari, kwani uso unaweza kuvimba na kuwaka vibaya.

Ukiwa mjamzito niambie mapema: glaikoliki na laktiki za kipimo kidogo hazina shida, salisiliki tutaipunguza, na kwa madoa tutatumia asidi ya azelaiki. Kama baada ya wiki nne za kupumzisha uso bado unawaka, fika hospitali ya rufaa hapo Mbale uulizie siku ya kuonana na mtu wa ngozi. Nenda na makopo yote unayotumia, hata lile lisilo na lebo, na uso bila poda.