LSAT: namna ya kujua swali la hoja linataka nini kabla hujaanza kupoteza dakika

Mkuu, umeuliza mambo mawili: utazikariri vipi aina zote za maswali ya Logical Reasoning (sehemu ya hoja), na kwa nini ukifika kwenye maswali ya dhana, yaani kile ambacho hoja imekichukulia kuwa kweli bila kukisema, unabaki na majibu mawili ambayo yote unayaona yako sawa. Mtihani huu nimeshaufanya, na siku hizi Jumamosi nakaa na vijana wa Kitanzania na Kikenya hapa Houston wanaojiandaa nao. Ninayoandika ni yale ninayoyaona yakikwamisha watu kila wiki.

Kwa wanaopita tu: LSAT ni mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma sheria Marekani na Kanada, alama zake ni 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 ile michezo ya mantiki ya kupanga nani akae na nani imeondolewa. Zimebaki sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu zinazohesabiwa, pamoja na moja ya majaribio isiyohesabiwa ambayo huambiwi ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35, na ya hoja huwa na maswali kama 24 hadi 26. Yaani hoja peke yake zimebeba karibu theluthi mbili ya alama zako, kwa hiyo uko sahihi kuhangaika nazo.

Sasa hilo la kukariri. Kila kitabu kitakupa aina kumi na kitu, na kila mwalimu ana majina yake. Usianzie huko. Kuna dada mmoja Mkenya alikuja na kadi zake za rangi, majina yote anayo kichwani, lakini ukimpa swali anakaa anatafuta linaitwaje huku saa inakwenda. Nikamwambia aziweke kando, asome swali kabla ya kifungu (yale maelezo mafupi yanayoulizwa), halafu ajiulize kitu kimoja: hapa naambiwa nikubali kipi kuwa ni kweli, kifungu au majibu?

Kama unaambiwa ukubali kifungu, basi majibu ndiyo unayoyapima. Jibu likizidisha hata neno moja, tupa. Humo ndimo yalimo maswali ya hitimisho kuu, lipi lazima liwe kweli, lipi linaungwa mkono zaidi, sentensi fulani ina kazi gani, na hoja ina kasoro gani. Kama unaambiwa ukubali majibu, mambo yanageuka: jibu linaruhusiwa kuleta habari mpya kabisa, na kazi yako ni kuona linaifanya nini hoja. Humo mna kuimarisha, kudhoofisha na kutatua mkanganyiko.

Tazama sentensi hizi mbili jinsi zinavyofanana:

"The statements above, if true, most strongly support which one of the following?"

"Which one of the following, if true, most strongly supports the argument?"

Ya kwanza, "if true" imekaa kwenye kifungu. Ya pili, imekaa kwenye majibu. Mtu mwenye haraka anaona "strongly support" na anaziweka kapu moja, halafu kwenye ile ya kwanza anachagua jibu lenye habari mpya nzuri sana, na kwenye ya pili analitupa jibu sahihi eti "halijatajwa". Ukitoka na kitu kimoja kwenye uzi huu, toka na hicho.

Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe. "Tangu maktaba ya mji ianze kufunga saa nne usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, vitabu vinavyoazimwa vimeongezeka. Kwa hiyo ongezeko hilo limeletwa na wasomaji wapya waliovutiwa na saa hizo."

Wakikuuliza lipi lazima liwe kweli kutokana na takwimu hiyo ya kuazima, jibu litakuwa la kuchosha: kuna wakati maktaba ilikuwa inaazimisha vitabu vichache kuliko sasa. Basi. Wakikuuliza kasoro, utasema mwandishi ameona jambo moja limefuata jingine akalifanya ndilo chanzo, na ameruka kutoka vitabu hadi watu. La kudhoofisha: wiki hiyohiyo maktaba iliruhusu kila mwanachama aazime vitabu sita badala ya vitatu. La kuimarisha: vitabu vingi vya ziada viliazimwa baada ya saa kumi na mbili jioni na watu waliojiunga baada ya mabadiliko.

Dhana sasa, ndipo unapokwama. Ziko mbili na hazifanani hata kidogo. Wakiuliza dhana ambayo hoja "requires" au "depends on", wanataka ile ambayo ikiondoka hoja inakufa. Kwenye mfano wetu: angalau sehemu ya ongezeko haikutokana na wanachama wa zamani kuazima zaidi. Ikanushe: ongezeko lote limetokana na wanachama wa zamani. Hoja imekwisha, hakuna cha kuokoa. Ona pia kwamba dhana yenyewe ni nyonge, haithibitishi kitu; hao wasomaji wapya wangeweza kuvutiwa na kiyoyozi.

Wakiuliza hitimisho "follows logically if" nini kikidhaniwa, wanataka ile inayofunga pengo lote bila kubakiza hata ufa. Mfano: vitabu vinavyoazimwa haviwezi kuongezeka baada ya saa kuongezwa isipokuwa ongezeko hilo limeletwa na wasomaji wapya waliovutiwa na saa hizo. Ni madai makubwa kupita kiasi, lakini hapa ukubwa si kosa. Ukiyakanusha hayo, hoja bado inaweza kusimama, kwa hiyo lile jaribio la kukanusha usilipeleke huku.

Nadhani hayo majibu yako mawili huwa ni hivi: moja dogo lenye "angalau" au "baadhi", jingine kubwa lenye "kila" au "pekee". Rudi kwenye swali usome kitenzi chake. Hoja inahitaji? Mara nyingi ni lile dogo. Hitimisho linafuata moja kwa moja? Mara nyingi lile kubwa. Nasema mara nyingi kwa sababu watunzi hawa si wajinga.

Mengine nayapitia haraka. Watu wawili wanabishana: chukua kila jibu, uliza kama wa kwanza atasema ndiyo na wa pili atasema hapana, kama mmoja hajaligusa, tupa. Mkanganyiko: usitafute hitimisho, mara nyingi halipo, tafuta kinachoruhusu kweli zote mbili zikae pamoja. Neno EXCEPT huandikwa kwa herufi kubwa na bado watu wanalipita. Maswali ya hoja inayofanana na nyingine ni marefu, ni kama kusoma hoja sita kwa alama ileile moja. Mimi huyaruka na kuyarudia mwisho. Ukiishiwa muda jaza chochote, jibu baya halipunguzi alama.

Zoezi ninalowapa vijana: fungua akaunti ya bure ya LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC wanaoutunga mtihani huu, chukua mtihani wa zamani, soma maswali tu bila vifungu, na kando ya kila moja andika K kama unaambiwa ukubali kifungu, M kama unaambiwa ukubali majibu, D kama ni dhana. Fanya sehemu nzima. Usijibu chochote siku hiyo.

Ukikwama na swali fulani lieleze hapa kwa maneno yako, tutalichambua. Usibandike swali zima kama lilivyo, yale ni mali ya LSAC na uzi utafutwa.