Meza ya Vitabu: Nimefiwa, nisome riwaya ya kifo?

SWALI: Dada wa vitabu shikamoo. Bibi yangu ndio alonilea tangu nna miaka minne, kafariki na arobaini tumemaliza juzi. Rafiki yangu kaniletea riwaya inaitwa Under the Whispering Door anasema itanifariji, nikisoma nyuma ya jalada naona kifo kifo tu na mizimu, mama mdogo anasema niirudishe sio wakati wake. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mama mdogo ana hoja ila kitabu hajakisoma. Mimi nimekisoma mara mbili, ni cha TJ Klune wa Marekani, kilitoka 2021, na hakikuniliza pale nilipojiandaa kulia.

Kinaanza na loya mmoja, Wallace Price, roho mbaya hasa, anamfukuza kazi mama wa watu bila hata kupepesa jicho, siku mbili baadaye anaanguka ofisini, moyo, kwisha habari. Anajikuta kasimama kwenye msiba wake mwenyewe, kavaa ndala, na waliokuja wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo nikakamatika, maana sisi mtu tunampima siku ya msiba wake, turubai ngapi zimefungwa, nani kalala matanga, sasa huyu na hela zote zile hana hata wa kumkorogea uji aliyefiwa.

Alafu anakuja binti anaitwa Mei kumchukua, anampeleka kijijini kwenye mgahawa wa chai wa Hugo, ambaye kazi yake ni kuwavusha wafu. Kila anayefika Hugo anamchagulia chai yake, ya Wallace inanukia peremende ikamrudisha kwa mama yake utotoni (nilipofika hapo niliinuka kabisa nikabandika ya kwangu, ya tangawizi). Baadaye anapewa wiki moja tu kabla ya kuvuka, na humo mgahawani ndio anajifunza kuwa mtu, na wale wa mgahawani wanakuwa ndugu zake ambao hakuwahi kuwa nao.

Ila wewe nataka umsome babu yake Hugo, Nelson. Kafa zamani lakini kagoma kuvuka, yupo tu pale karibu na moto, kisa hataki kumwacha mjukuu. Tumezoea kuambiwa tuliobaki tuwaachie waliokwenda, huyu mzee yeye ndio kashindwa kumwachia aliyebaki. Nilimuwaza bibi yako.

Tahadhari, humo kuna aliyejitoa uhai na kuna mama aliyefiwa na mtoto mdogo, mwandishi mwenyewe anaonya mwanzoni, kwahiyo sio cha kusoma usiku peke yako. Mwisho wake kwangu una sukari nyingi. Usikirudishe, kiweke, mwezi ujao kijaribu.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11 anapenda sana stori za mizimu, hicho kitabu kinamfaa? (Baba Zai, Tanga)

JIBU: Hapana kaka, ni cha watu wazima, matusi yapo na mapenzi yake ni ya Wallace na Hugo. Na kutisha kwenyewe hakuna, kuna sehemu loya anafundishwa kubadili nguo kwa kuwaza tu, akawaza vibaya akatokea na bikini.